Kiunzi Kipi cha Kutengenezea Tovuti Kinamfaa Anayeanza?



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja nanyi wazazi mnaosoma jarida hili na watoto wenu. Mwaka huu kuna swali moja ambalo limetujia mara nyingi kuliko maswali mengine yote yaliyo nje ya masomo yetu ya kawaida. Wameliuliza vijana waliomaliza kidato cha nne, wameliuliza waliokuja likizo kutoka vyuoni, na wazazi nao wameliuliza. Kijana husema: "Ustadhi, nataka kujifunza kutengeneza tovuti. Nianze na Laravel, Django au React?" Mzazi mmoja alituuliza kwa namna yake: "Mwanangu anataka kompyuta na bando la kila mwezi, anasema kuna kitu kinaitwa riakti. Hiyo ni kazi au ni mchezo?"

Tumeona tujibu kwa maandishi ili wote wafaidike. Fedha ya bando hapa Lupembe inatoka kwenye majani ya chai, kwenye mbao na kwenye maparachichi, na kila mtu anajua jasho lake. Kijana akitumia mwaka mzima kurukia hiki na kile kisha asiwe na kitu cha kuonyesha, hasara si yake peke yake.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Kwanza tueleze jambo lililotokea hapahapa madrasa, kwani ndilo lililotufanya tuwe na la kusema. Miaka michache iliyopita kijana wetu mmoja alitutengenezea daftari la kompyuta. Lilikuwa zuri. Unaandika jina la mwanafunzi, darasa lake, jina la mzazi, juzuu alilofika katika kuhifadhi na tarehe aliyosikilizwa. Tukafurahi, tukayaacha madaftari ya karatasi. Kwa muda wa miaka miwili kumbukumbu zetu zote za kuhifadhi zilikuwa humo.

Kijana yule alitumia kiunzi ambacho wakati ule kilikuwa kinasifiwa sana. Hatutakitaja, kwa sababu kosa halikuwa la kiunzi. Alikichagua kwa kuwa alikiona katika video, na hapa kwetu hapakuwa na mwingine anayekijua. Kisha akaenda chuo. Siku moja kompyuta ikaharibika, ikapelekwa kwa fundi Njombe, ikarudi ikiwa imewekwa mfumo mpya. Daftari likagoma kufunguka. Tulimpigia simu, akatuelekeza tuvute vifurushi fulani kutoka intaneti. Tukanunua bando, likaisha kabla kazi haijafika nusu. Tukanunua jingine. Mara hii vifurushi vikaja vyote, lakini vilikuwa vya matoleo mapya yasiyoelewana na kazi ya zamani. Kijana mwenyewe akasema kwa unyonge kwamba kiunzi kile ameshaanza kukisahau.

Aliyetuokoa ni binti wa kidato cha tatu. Huyu hajui kiunzi chochote. Alikuwa amejifunza SQL kidogo katika kitabu cha kuazima, yaani lugha ya kuulizia hifadhidata. Alitambua kwamba kurasa zimekufa lakini majina bado yamo ndani ya hifadhidata ya MySQL, ambayo kwa bahati fundi aliiacha katika diski ya pili. Akaandika amri za mistari miwili mitatu, majina yote yakatoka pamoja na juzuu zao, tukayafungua katika Excel. Alhamdulillah. Kazi ile ilimchukua muda kama wa kutoka adhuhuri mpaka alasiri.

Tukajiuliza: imekuwaje mwenye ujuzi mkubwa ameshindwa na mwenye ujuzi mdogo ameweza? Jibu la swali hilo ndilo somo letu la leo.

Kiunzi ni nini?

Waandishi wa programu hukiita freimuweki. Sisi tutasema kiunzi, neno ambalo mafundi wa majumba na majahazi wanalo tangu zamani. Hapa kwetu tunapojenga nyumba, fundi mseremala hutengeneza kenchi. Huko zamani angepanda juu akapima na kukata kila ubao palepale. Siku hizi anaweza kuziunda kenchi chini zikiwa tayari, zikapandishwa, zikapigiliwa, halafu wewe ukachagua bati la rangi gani. Kiunzi cha tovuti kiko hivyo. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na watu wengine, mambo ambayo kila tovuti inayahitaji, ili wewe ubaki na yale yanayoihusu tovuti yako tu.

Mambo gani hayo? Mtu akibonyeza anwani fulani, sehemu gani ya programu iitike. Ukurasa upangwe vipi kabla ya kutumwa. Taarifa ziingizwe vipi katika hifadhidata na zitolewe vipi. Mtu aingie kwa nenosiri, na asiyeruhusiwa azuiwe. Hakuna tovuti ya maana isiyohitaji haya.

Hapa pana jambo linalowachanganya vijana wetu wengi. Tovuti ina pande mbili. Upo upande wa mbele, unaofanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji, katika simu yake au kompyuta yake. Na upo upande wa nyuma, unaofanya kazi katika seva, mahali zinapotunzwa taarifa. Laravel na Django ni vya upande wa nyuma. React ni ya upande wa mbele, na waliyoitengeneza hawaiiti hata kiunzi, wanaiita maktaba ya vipande vya kujengea. Kwa hiyo anayeuliza "Laravel au React?" ni kama anayeuliza "Niweke mlango au tangi la maji?" Tovuti nyingi kubwa zina vyote viwili.

Laravel ilitolewa mwaka 2011 na Taylor Otwell wa Marekani, nayo hutumia lugha ya PHP. Django ilizaliwa katika ofisi ya gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2005, nayo hutumia lugha ya Python. React ilitolewa na Facebook mwaka 2013 na hutumia JavaScript. Ipo pia Flask ya Python, iliyotoka tarehe 1 Aprili 2010 baada ya mtunzi wake kufanya mzaha wa siku ya wajinga, na mzaha ukageuka kazi. Vingine ni vingi na hatuna haja ya kuvihesabu.

Jina la Sa'ad Mng'ong'o

Hebu tuone kwa mfano mmoja kiunzi kinakusaidia nini, na kwa nini ni lazima uelewe kilichofichwa chini yake. Tuseme umeandika daftari la wanafunzi kwa mikono yako, bila kiunzi. Umejaribu kumwingiza Fatuma, ameingia. Umemwingiza Hamisi, ameingia. Kisha anakuja mwanafunzi aitwaye Sa'ad, wa ukoo wa Mng'ong'o. Unabonyeza, programu inagoma na kutoa maneno mekundu.

Sababu ni hii. Amri inayokwenda kwenye hifadhidata huandikwa hivi:

INSERT INTO wanafunzi (jina) VALUES ('Sa'ad Mng'ong'o')

Kompyuta inajua kuwa jina linaanza kwenye alama ya ritifaa na kuishia kwenye ritifaa inayofuata. Ikifika kwenye "Sa" inakuta ritifaa, inadhani jina limekwisha. Yanayobaki, "ad Mng" na kuendelea, inayachukua kuwa ni amri, na kwa kuwa hayana maana kwake, inakataa. Katika nchi yetu, penye majina kama Ng'umbi, Ng'ande na Mng'ong'o, kosa hili hujitokeza mapema kuliko vitabu vinavyotarajia.

Kukataa kwa kompyuta ni afadhali. Hatari ipo pale mtu mwenye nia mbaya anapotambua mlango huo. Badala ya kuandika jina, ataandika ritifaa na baada yake amri yake mwenyewe: nionyeshe simu za wazazi wote, au futa orodha nzima. Programu yako itatii. Huu ni mmoja katika mashambulizi ya zamani sana ya tovuti, na hadi leo bado unawapata watu.

Dawa yake ni kutuma amri kwanza ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, halafu jina litumwe peke yake, ili kompyuta isije ikalichukua jina kuwa ni amri. PHP imekuwa na chombo cha kazi hiyo kiitwacho PDO tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Laravel na Django hufanya hivyo zenyewe bila wewe kukumbuka. Hiyo ndiyo faida ya kiunzi. Lakini viunzi vyote viwili vimeacha pia njia ya kuandika amri ghafi kwa anayetaka. Kijana asiyejua kisa cha ritifaa ataichukua njia hiyo siku amebanwa, na tundu litarudi palepale. Atasema: "Nimetumia Laravel, niko salama."

Tunawafundisha watoto herufi kabla ya kuwasomesha Juzuu Amma. Yupo mtoto anayeweza kuisoma sura nzima kwa kuisikia tu kwa dada yake, na wageni wakamsifu. Mfungulie ukurasa mwingine, anyamaze. Anayeanza na kiunzi bila kuijua lugha yake yuko katika hali ya mtoto huyo. Kijana wetu wa daftari alikuwa ameshika sura. Binti wa kidato cha tatu alikuwa na herufi.

Viunzi navyo hufa

Pengine msomaji atasema hayo ni ya madrasa ndogo ya Lupembe, wakubwa hayawapati. Basi tuangalie kisa kinachojulikana cha jirani zetu wa Kenya.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilikumbwa na machafuko. Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh aliandika mtandaoni kuuliza kama wapo mafundi wa kompyuta watakaoweza kuonyesha katika ramani mahali fujo na uharibifu vinapotokea. Waliitika watu kadhaa, wakiwemo David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich. Kwa siku chache tovuti ikawa hewani, ikaitwa Ushahidi, jina la lugha yetu. Mwananchi alituma taarifa kwa mtandao au kwa ujumbe wa simu, nayo ikaonekana katika ramani. Baadaye programu hiyo ilitolewa bure ili yeyote aitumie, na ilipotokea tetemeko kubwa la Haiti mwezi Januari 2010, ilitumika kukusanya habari za waliohitaji msaada.

Programu ile iliyotolewa bure iliandikwa kwa PHP, juu ya kiunzi kiitwacho Kohana. Kohana yenyewe ilichipuka mwaka 2007 kutoka katika kiunzi kingine, CodeIgniter. Kwa wakati ule haukuwa uchaguzi wa ovyo hata kidogo: kilikuwa chepesi, na wajuzi wa PHP walikuwa wengi. Lakini mwaka 2017 Kohana ilitangazwa kuwa imefikia mwisho wake. Watu wa Ushahidi ikabidi wahamie kwa ndugu mdogo wa Laravel aitwaye Lumen. Upande wa mbele walitumia AngularJS ya Google, nayo matunzo yake yalikoma mwishoni mwa mwaka 2021, ikabidi upande huo nao uandikwe upya. Na Lumen? Waliyoitengeneza wenyewe sasa wanashauri kwamba anayeanza mradi mpya atumie Laravel kamili.

Tazama basi. Mafundi wa kazi iliyojulikana dunia nzima, na viunzi vyao vikawafia mikononi. Lakini kazi haikufa. Ni kwa sababu gani? PHP waliyoijua ilibaki kuwa PHP. Hifadhidata ilibaki kuwa hifadhidata. HTML, ambayo ndiyo lugha ya kurasa tangu Tim Berners-Lee alipouanzisha mtandao huu kule Uswisi miaka ya mwanzo ya 1990, ilibaki. Waliyahamisha mazao kutoka ghala bovu kwenda ghala jipya.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Vitabu vya MTUHA mnavyoviona zahanati, ambamo muuguzi huandika waliotibiwa na waliojifungua, hesabu zake za mwezi huingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huo unaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa na mkono mkubwa katika kuujenga na kuuendesha hapa nchini. Upande wake wa nyuma umeandikwa kwa lugha ya Java, juu ya kiunzi kiitwacho Spring. Kurasa zake za sasa zimejengwa kwa React. Tunalitaja hili ili mzazi yule apate jibu la swali lake. Riakti si mchezo. Hesabu za zahanati anayompeleka mtoto wake huonekana kwa kurasa zilizotengenezwa nayo.

Bando, umeme na mtu wa kumuuliza

Sasa tuje kwenye kuchagua. Video nyingi za mtandaoni zinamwambia kijana achague kiunzi chenye ajira nyingi au chenye kasi zaidi. Wanaosema hivyo wana intaneti ya saa 24. Anayejifunzia Lupembe, ambako mvua ikishika umeme unaweza kukatika na bando hununuliwa kwa vocha, ana maswali mengine ya kutanguliza.

Je, naweza kufanya kazi bila intaneti? Kwa PHP jibu ni jepesi. Ipo programu iitwayo XAMPP, inayoleta seva, PHP na hifadhidata kwa pamoja. Mtu akiivuta Makambako mara moja, unaibeba kwa flashi na kuiweka katika kompyuta kumi. Django nayo ni ndogo, haifiki megabaiti 20, na ina hifadhidata ndogo ya kuanzia isiyohitaji kuwekwa kitu kingine. Laravel huvuta vifurushi vingi kidogo kwa chombo kiitwacho Composer, ila vikishaingia unafanya kazi bila mtandao. React ndiyo yenye mzigo: mradi mmoja mdogo huweza kuvuta maelfu ya mafaili madogomadogo, na kila mradi mpya huvuta yake. Tena njia yake ya kuanzia iliyofundishwa kwa miaka mingi, iitwayo Create React App, ilitangazwa Februari 2025 kuwa haipendekezwi tena kwa kazi mpya. Kijana anayefuata video ya zamani atakutana na makosa ambayo mwalimu wa video hakuyaona, naye hatajua kama kosa ni lake au la wakati.

Je, maelezo yake naweza kuwa nayo ndani ya kompyuta? Kitabu cha maelekezo cha PHP kinavutwa chote. Cha Django kinavutwa pia, hata kwa PDF, na somo lake la mwanzo humshika mwanafunzi mkono mpaka atengeneze tovuti ndogo ya kupigia kura. Vyote viko kwa Kiingereza. Wazazi mlisikie hili: mtoto anayepuuza somo la Kiingereza shuleni kwa kuwa "yeye ni wa kompyuta" anajifungia mlango mwenyewe.

Je, tovuti ikishakamilika nitaiweka wapi? Kampuni nyingi za hapa nchini zinazopangisha nafasi za tovuti kwa bei ndogo zina PHP na MySQL tayari. Django huhitaji nafasi ya aina nyingine na maarifa zaidi kidogo ya kuendesha seva. Haishindikani, lakini anayeanza alijue mapema.

Na swali tunaloliweka juu ya yote hayo: nikikwama, nitamuuliza nani? Hapa ndipo alipoteleza kijana wetu, na sisi pamoja naye tuliomshangilia. Kukwama kwa anayeanza huwa ni kwa mambo madogo, nukta mkato iliyosahaulika, jina la faili lililoandikwa kwa herufi kubwa. Mtu anayejua akitazama dakika moja analiona. Peke yako, utalala nalo siku tatu na kuamka umechukia kompyuta. Kwa hiyo kabla hujatazama video, tazama watu. Yupo kaka yako chuoni anayesoma Python? Yupo fundi wa kompyuta Njombe anayetengeneza tovuti za shule kwa PHP? Yupo mwenzako Makambako aliyekwisha kuanza? Kiunzi cha huyo mtu ndicho chako. Hata kama hakisifiwi sana mwaka huu.

Ushauri wetu

Tukilazimishwa kutaja, tunasema hivi. Miezi mitatu ya mwanzo usiguse kiunzi chochote. Jifunze HTML na CSS, kisha lugha moja ya upande wa nyuma, PHP au Python, pamoja na SQL. JavaScript kidogo, ya kutosha kufanya kitufe kiitike. Tengeneza daftari dogo la wanafunzi kwa mikono yako, lenye kuongeza jina, kulirekebisha na kulifuta. Litakuwa baya kwa sura. Lishinde jina la Sa'ad Mng'ong'o.

Baada ya hapo, aliyejifunza PHP aingie Laravel, aliyejifunza Python aingie Django, alitengeneze daftari lilelile upya. Ataona kwa macho yake ni kipi kiunzi kimemfanyia na ni kipi kimemficha. Kwa asiye na mtu yeyote wa kumuuliza, sisi tunaelekea kwenye PHP na Laravel, kwa sababu ya urahisi wa kupata pa kuiweka tovuti na kwa kuwa wanaoijua PHP huku kwetu si haba. Mwenzetu mmoja katika walimu hakubaliani nasi. Anasema Django ni bora, kwani ukishaeleza tu kwamba mwanafunzi ana jina, darasa na juzuu, inakupa yenyewe ukurasa wa msimamizi wa kuingizia taarifa hizo, nayo Python itamfaa kijana hata nje ya tovuti. Hoja yake ina uzito na hatukuweza kuivunja. Tumekubaliana tu kwamba React isubiri mpaka mwaka wa pili.

Jambo moja zaidi kuhusu majina. Msijifunzie kwa taarifa za kweli za watoto. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata kabla ya sheria, jina la mtoto na simu ya mzazi wake ni amana. Tumieni majina ya kubuni. Siku daftari litakapokuwa tayari kwa kazi ya kweli, tutakaa na wazazi kwanza.

Daftari la madrasa kwa sasa tumelirudisha katika karatasi, na nakala iko katika Excel. Tunataka liandikwe upya, na safari hii si na mtu mmoja.

Zoezi

Kwa wale wanaotaka kushiriki. Chora kwa kalamu, katika karatasi, jedwali la taarifa za mwanafunzi wa kuhifadhi: vichwa vipi vinahitajika, na kipi kati ya hivyo hakiwezi kufanana kwa wanafunzi wawili? (Jina silo. Tunao akina Abdallah Juma watatu.) Eleza kwa maneno yako kwa nini ritifaa inaharibu amri ya SQL, ukitumia jina lolote la ukoo wa kwenu. Andika majina ya watu wawili unaoweza kuwauliza ukikwama, na lugha ambayo kila mmoja anaijua. Ukikosa hata mmoja, andika hivyo hivyo.

Karatasi ziletwe kwa walimu Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Kompyuta iliyopo ni moja, kwa hiyo tutaanza na wale waliojibu swali la pili, wawili wawili, mmoja akiandika na mwenzake akisoma.